Mzee wa Pointi na Nyumba Namba Saba

Ijumaa, 16 Januari 2015. Ukungu tangu alfajiri, mzito kiasi kwamba jengo la mkabala halikuonekana mpaka saa nne na nusu. Hakuna upepo. Nguo nilizoanika jana bado mbichi.

Leo Mzee wa Pointi amekuja. Tulikuwa hatujamwona tangu Novemba, kampuni yake ilipomhamisha kwenda kulinda jengo Al Nahda, akapewa chumba cha mlinzi huko huko. Alichojia nitakieleza. Lakini nikianza na hicho, mtu asiyemjua atamwona mbaya, au atamwona mwema kupita kiasi, na yeye si hivyo wala si vile. Mimi niliishia darasa la nane na sijui watu huandikwaje. Nitaandika ninayoyakumbuka, na pale nisipojua nitasema sijui.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee anatoka mji mdogo wa reli, upande wa Kenya, pale njia ya chuma inapovuka kuingia Uganda. Mke wake yuko huko mpaka leo, katika nyumba namba saba ya landi, zile nyumba za mstari walizojengewa wafanyakazi wa reli. Mwaka jana wakaazi waliambiwa kwamba landi itabomolewa, na kwamba atakayeonyesha nyumba yake imekaliwa na nani na tangu lini ndiye atakayefikiriwa kupewa kiwanja. Wakaazi wakaunda kamati. Kamati ikaona kwamba mtu anayeikumbuka landi yote ni mmoja tu, naye yuko Dubai anawafungulia watu geti. Wakampigia simu: tuandikie historia ya mji, nyumba kwa nyumba.

Wakati huo alikuwa anaishi nasi hapa International City. Macho yake yana ukungu wake mwenyewe, na mkono wake huandika herufi kubwa tupu, moja moja, kama anachonga. Basi Ijumaa moja, siku yangu ya ofu kutoka hotelini, akasimama mlangoni pa chumba chetu cha wanawake.

"Binti, una mwandiko?"

"Ninao kidogo, Mzee."

"Una daftari?"

"Sina."

"Daftari nitanunua mimi. Kuanzia leo wewe ni Karani."

Na tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena.

Kazi yake ya zamani ilikuwa pointimani, mtu anayevuta mkono wa chuma kando ya njia ili treni iache reli hii ishike ile. Vijana wa hapa, kwa kumpamba, walikuwa wakimwita Stesheni Masta. Hakukubali hata mara moja. "Stesheni masta alikuwa na kofia," anasema. "Mimi nilikuwa na mkono." Ukimwambia jambo, lazima alirudie kwanza kabla hajalifanya. Nikimtuma mkate atasema, "Mkate mmoja, wa kahawia, kabla ya saa kumi," na hatoki mpaka niseme ndiyo. Mwanzoni nilidhani ananidharau. Baadaye nikajua ndivyo walivyofundishwa, maana neno likisikika nusu kwenye reli, watu hufa.

Nyumba yetu ina watu tisa na bafu moja. Kabla yake, kila asubuhi ilikuwa vita. Mzee alipohamia hakugombana na mtu. Alikaa wiki nzima akitazama, kisha akaja na pete ya mbao, kubwa kama sahani, mfano wa ile ambayo dereva wa treni hupewa kuonyesha kwamba njia ni yake, akaitundika kwenye msumari nje ya bafu. Mwenye pete ndiye anayeingia. Akitoka anamkabidhi anayefuata, mkono kwa mkono, haiwekwi chini.

Nalongo, Mganda tunayelala naye chumba kimoja, mama wa mapacha, alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mzee, hii ni bafu! Si treni ya Kampala!"

"Ni njia moja, Nalongo. Njia moja haipiti treni mbili."

"Na mtu tumbo likimuuma?"

"Treni ya dharura hupiga kengele."

Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri Nalongo akapita sebuleni akigonga sufuria kwa mwiko, na kijana aliyekuwa ameshika pete akampisha. Nasema kweli, vita viliisha.

Lakini nisimpambe. Ni mchoyo wa vitunguu. Kitunguu kimoja hukikata kwa siku nne na hujua kimebaki kiasi gani. Anakoroma. Akikasirika hasemi kitu, anakunja nguo zake upya zote, moja moja, na nyumba nzima inajua. Upande wa pili, jino liliponivimba alikaa nami kliniki saa tatu, na ili nisilie akanitajia majina ya stesheni zote za njia yake, kwenda na kurudi. Sikumwambia kwamba hayakupunguza maumivu. Yalipunguza upweke.

Kuhusu treni zenyewe, yuko pande mbili. Metro ya hapa haina dereva, na miaka yote ile alikataa kuipanda. Alipanda mabasi mawili kwenda Deira kukiwa na Metro moja. "Treni bila mtu mbele ni uvumi," alikuwa akisema. Siku moja nilikuwa napeleka mzigo kwa wakala wa kargo Deira nikamwomba anisaidie kubeba, na kwa sababu ya uzito akakubali kupanda. Tulisimama behewa la mbele kabisa, kwenye kioo. Njia ikagawanyika mbele yetu, chuma kikasogea chenyewe.

"Nani amevuta?"

"Kompyuta, Mzee."

"Ikivuta vibaya, nani ataitwa ofisini?"

Alibaki na paji la uso kwenye kioo mpaka tuliposhuka. Baada ya hapo nilisikia kwamba kila Ijumaa anapanda mpaka mwisho wa njia na kurudi, amesimama mbele. Nilipomuuliza alisema anachunguza. Labda. Mimi nilimwona siku moja akiwa hajui namwona, na mkono wake wa kulia ulikuwa unavuta kidogo, kila njia ilipogawanyika.

Historia aliisimulia vizuri. Alianza hivi, na nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza kama alivyosema: mji wetu uliumbwa na kusubiri. Treni zikifika mpakani zilingoja karatasi kutoka ng'ambo. Injini ilibadilishwa, mabehewa yakahesabiwa, abiria wakashuka kunyoosha miguu. Wa kwanza kuja, kwa maneno yake, alikuwa mama mmoja na birika. Wa pili akaja na mayai ya kuchemsha. Wa tatu alikuwa fundi cherehani aliyeshona suruali zilizochanika, mwenye suruali akingoja amejifunga kanga. Hapo palipokuwa stesheni tupu pakawa na soko, kisha hoteli ya chai, kisha kanisa na msikiti, na watu wa makabila ambayo yasingekutana popote wakawa wanaazimana chumvi kwa Kiswahili.

Siku moja karatasi zilitoka upesi kuliko kawaida, treni ikaondoka, na abiria mmoja akaenda Uganda na kanga ya mke wa fundi. Suruali ikabaki. Ilitundikwa dukani miaka mingi, na watu wa mji walihesabu nayo. Nikimuuliza Mzee jambo fulani lilitokea mwaka gani, ananiambia, "Mwaka wa pili baada ya suruali." Kisa hiki nimekisikia mara tatu. Mara ya kwanza suruali ilikuwa ya kahawia, mara ya tatu ya bluu. Nilimwonyesha. Akafikiri, akasema basi walikuwa abiria wawili. Nimeandika zote mbili.

Treni zilipopungua, mji haukufa siku moja. Ya abiria iliacha kuja, mbuzi wakaanza kulala relini, akina mama wakapanga nyanya katikati ya njia kwa sababu ni pakavu. Waliokuwa wakiishi kwa kuwauzia watu wanaongoja wakajikuta wao ndio wanaongoja. Wengi wakaondoka. Yeye akapunguzwa kazi na kuja huku kwa mkataba wa ulinzi, akiwa amepita hamsini, amepaka nywele rangi kwa ajili ya picha ya pasipoti.

Kitu kilichonishangaza zaidi katika habari zake ni desturi ya ufunguo. Nyumba za landi zinapeana migongo, na majiko mawili hugawana ukuta mmoja. Mfanyakazi alipohamishwa, ufunguo hakumpa mkubwa wake wala mlinzi. Alimpa jirani wa upande wa jiko. Huyo alifagia, alimwagilia sukuma wiki, na siku familia mpya inapofika aliwasha moto mapema wakute maji ya moto. Hata kama mlikuwa hamsalimiani, ufunguo ulikuwa haki yake. "Hakuna aliyeandika sheria hiyo," Mzee alisema, "na hakuna aliyeivunja."

Alisema hivyo Ijumaa moja ya Oktoba. Nilikuwa kitandani na daftari, yeye kwenye ndoo iliyopinduliwa, Nalongo akipiga pasi sare yake ya kazi. Tulikuwa tumefika namba saba.

"Namba saba," akasema. "Alikaa fayamani, mtu wa kulisha moto wa injini, na mkewe na watoto wanne. Akahama. Nikapewa mimi."

Nikaandika. Nalongo akasimamisha pasi.

"Alihama kwenda wapi?"

"Kwao. Ng'ambo."

"Uganda?"

"Uganda."

"Mwaka gani, Mzee? Si wa suruali. Mwaka wa kweli."

"Ule Jumuiya ilipovunjika, reli ikagawanywa."

"Eh. Mwaka ule watu walihama ama walifukuzwa? Sisi tulikuwa na mjomba alirudi kutoka Kenya na godoro kwa kichwa. Godoro tu. Alikuwa na nyumba nzima huko."

Mzee akaanza kukunja mikono ya shati lake.

"Na hiyo nyumba, nani alikupa?"

"Karani," akaniambia mimi, si yeye, "funga daftari."

Usiku ule alikunja nguo zake zote upya. Ijumaa iliyofuata hakuja na ndoo yake, na nyingine pia. Novemba akahamia Al Nahda, akaniaga vizuri, akamuaga Nalongo kwa kichwa tu. Daftari likabaki kwangu. Namba saba ilikuwa na mstari mmoja na nusu, na mwisho wake, kwa mwandiko wangu: nikapewa mimi.

Nilimkasirikia Nalongo kwa kuuliza, na yeye akanikasirikia kwa kuandika bila kuuliza. Nadhani sote tulikuwa na haki kidogo. Mimi niliwaza: kama ufunguo aliachiwa kwa desturi, na hakuna familia mpya iliyokuja, ni kosa? Na kama si kosa, kwa nini alisema alipewa? Mtu anayekataa kuitwa Stesheni Masta kwa sababu si kweli, anaachaje neno kama hilo kwenye karatasi? Sikupata jibu nililoweza kulikalia. Kamati ilikuwa inamsumbua, ikaanza kunisumbua na mimi, maana namba yangu aliwapa yeye.

Leo, saa saba mchana, akagonga. Mabasi yalichelewa kwa ukungu, alikuwa njiani tangu saa tatu. Viatu vimefutwa. Nalongo ndiye aliyefungua.

"Eh! Stesheni Masta!"

"Pointi," akamsahihisha, akaingia. Hakutaka chai. "Karani, fungua namba saba."

Nikafungua.

"Andika. Asubuhi ile mke wa fayamani alikuja dirishani kwangu na ufunguo umefungwa kwenye kitambaa. Mimi nilikuwa chumba cha makapera, namba sita. Akasema, 'Kijana, wewe ndiye upande wa jiko.' Basi. Hakuniambia nikae, hakuniambia nisikae. Watoto walikuwa wamevaa nguo mbili mbili. Nilifagia mwezi mzima. Nikawasha moto mara mbili nikidhani familia mpya inafika. Haikufika. Mvua zikaanza, chumba changu kikavuja, nikaingia mle kwa usiku mmoja." Akagusa ukurasa kwa kidole. "Usiku huo haujaisha. Hakuna aliyenipa, Karani. Niliachiwa."

Kalamu nilikuwa nayo lakini sikuandika.

"Mzee, nikiandika hivyo, Mama huenda akatolewa."

"Najua."

"Na visa yako inaisha Machi. Utashukia wapi?"

"Najua hiyo pia."

Hata Nalongo akaja akakaa. "Mzee wangu, kwani lazima? Mimi niliuliza tu. Mdomo wangu ni hivi."

"Nimewatajia watu landi nzima bila kupindisha," akasema. "Mlevi wa namba tatu nimemsema mlevi. Mjane nimesema alikaa bila karatasi. Mbele ya kamati watasomewa wote. Yangu peke yake ndiyo nipindishe?"

Sijui kama ilikuwa nafasi yangu kusema nililosema. Nilimuuliza, "Aliye ndani ya hiyo nyumba leo ni nani?"

"Mama Naomi."

"Umemuuliza?"

"Yeye hajui habari hizi. Nilimuoa nikiwa tayari nakaa pale."

"Basi muulize kabla sijaandika. Wewe unalinda geti la watu Al Nahda. Anayetolewa ni yeye."

Akasimama. Nilidhani ataondoka. Kisha akatoa kadi ya simu mfukoni, akampa Nalongo aikwangue na kubonyeza namba, kwa sababu ya macho yake. Akaweka sauti ya nje. Kuku walisikika kwanza.

"Baba Naomi? Kuna nini, mbona mchana?"

Akamweleza. Alieleza yote, kitambaa, nguo mbili mbili, moto, mvua. Hakujitetea hata mahali pamoja, na mimi niliyekuwa namngojea ajitetee nikaona aibu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wewe ulidhani mimi ni kipofu? Nilipoingia hapa bibi arusi nilikuta kwenye mlango wa jikoni alama za kalamu, urefu wa watoto. Wanne. Mdogo amefika hapa kwa kiuno changu. Wewe huna watoto wakati huo, ni za nani, za panya? Kila mara nikipaka nyumba rangi, hiyo fremu siigusi. Miaka yote hujaona?"

"Niliona."

"Ulidhani ni kwa nini?"

Mzee akakohoa. "Nilidhani ni uvivu."

Nalongo akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kwenye simu yule mama alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Yuko hapo huyo binti anayeandika?"

"Nipo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Andika kama alivyosema, usipunguze. Nyumba waliiacha watu, hawakuiuza. Halafu chini yake andika na yangu. Aliyeifagia ni mimi. Paa nimelibadilisha mimi, mabati yaliletwa na punda. Nimezaa humo watatu, nimezika mmoja. Mimi sitoki kwa karatasi. Nitatoka siku mtoto mmoja wa hiyo fremu atakapokuja mwenyewe asimame pale mlangoni, na akija nitampikia chai kwanza ndipo tuzungumze. Umeandika?"

"Naandika, Mama."

"Soma."

Nikasoma. Nilikuwa nimeacha punda. Akaniambia nimrudishe, nikamrudisha.

Kadi ikaisha kabla hawajaagana. Tulipiga picha kurasa zote, kuanzia mama na birika mpaka namba ya mwisho, na Nalongo akamwonyesha Mzee pa kubonyeza ili ziende kwa mwenyekiti wa kamati. Alibonyeza mwenyewe kwa kidole gumba. Alama zikatokea mbili, halafu zikawa za bluu, na mpaka naandika haya mwenyekiti hajajibu. Hatujui watasema nini. Inawezekana mama yule akapoteza nyumba kwa kurasa zangu. Nimeliweka hilo hapa ili nisije nikajisahaulisha.

Nilimuuliza Mzee kama anajutia. Akasema kwamba huko nyuma, akimaliza kuvuta, alikuwa anasimama kando na kutazama behewa la mwisho likipita, ndipo anakwenda kukaa. Sikuelewa kama hilo ni jibu. Alivua viatu akabaki mpaka jioni.

Tulikula ugali, ambao Nalongo anauita posho, na dagaa aliotumiwa kutoka kwao, na kabichi. Mzee alisema chumvi imezidi. Nalongo akamwambia arudi Al Nahda akale geti. Chumvi ilikuwa imezidi kweli, lakini chakula kilikwisha.